Mwanga wa Saa Nne

Kazini walimwita Macho Manne, na si kwa ajili ya miwani peke yake. Mama huyo alikuwa mkaguzi katika kampuni iliyouzia kompyuta maofisi, shule na hospitali, na kwa miaka kumi na mitano kazi yake ilikuwa moja tu: kukagua skrini. Aliogopa zaidi zile kompyuta ambazo mashine yote imefichwa mgongoni mwa kioo, hakuna boksi la pembeni. Hizo, alisema, ukiuziwa kioo kibaya umeuziwa kompyuta nzima mbaya, maana huwezi kukibandua ukaweka kingine.

Siku ya ukaguzi alivaa shati jeupe makusudi. Alikaa mbele ya skrini iliyozimwa na kujitazama. Akiweza kuhesabu vifungo vya shati lake mle kiooni, aliguna.

"Hiki si kioo cha kazi," aliwaambia wenzake. "Hiki ni cha kujipodolea."

Wakishacheka, ndipo aliwasha. Alijaza skrini weusi mtupu ili aone kama pembe zinavuja mwanga. Kisha aliweka mistari ya kijivu, kuanzia ule mzito hadi ule unaokaribia kuwa mweupe, akajisogeza kushoto, kulia, akainama, kuona kama kuna mstari unaopotea. Mashine aliyoipitisha Macho Manne haikurudishwa.

Ila wenzake walikuwa wameona jambo. Kila akikaa mbele ya skrini iliyozimwa, haukupita muda angegeuka nyuma ghafla, kama mtu aliyeguswa bega. Nyuma hapakuwa na mtu. Walidhani ni shingo inamsumbua, na mmoja aliwahi kumletea dawa ya kuchua.

Haikuwa shingo. Katika weusi wa kile kioo, juu ya bega lake, alimwona mdogo wake amesimama, tepu ya kupimia nguo ikining'inia shingoni kama alivyozoea kuivaa kutwa nzima. Hakusema kitu, wala hakuonekana kuwa na hasira. Alisimama tu, kama mteja anayesubiri zamu yake. Macho Manne hakuwa mtu wa kuamini mambo ya wafu kurudi. Hata hivyo aligeuka, kila mara.

Mambo yalianza miaka tisa nyuma. Hospitali moja ndogo iliagiza kompyuta kwa ajili ya chumba cha eksirei. Macho Manne alichagua mashine yenye kioo king'aavu, kwa kuwa weusi wake ulikuwa mzito na picha ilisimama mbele yako utadhani unaweza kuishika. Aliipimia stoo, mahali pasipo na dirisha. Fundi wa kufunga mashine alimwuliza kama asingependa kwenda kukiona chumba kwanza.

"Chumba ni chumba," alijibu, akatia sahihi.

Mwaka uliofuata mdogo wake, fundi cherehani, alishikwa na kikohozi kisichokatika. Alikwenda hospitali hiyohiyo asubuhi, akapigwa picha ya kifua, akaambiwa mapafu ni safi. Aliporudi kikohozi kilikuwa palepale, lakini moyo ulikuwa mweupe. Miezi saba baadaye alianza kutema damu. Katika hospitali kubwa daktari alisema ugonjwa umeshatambaa, na kwamba haukuanza jana wala juzi. Mwaka haukuisha, wakamzika.

Siku chache baada ya mazishi, Macho Manne alikwenda kuchukua karatasi za marehemu. Alipopita mlangoni mwa chumba cha eksirei alichungulia. Dirisha lilitazamana na skrini uso kwa uso, na nondo zake zote nne zilikuwa zimelala juu ya kifua cha mgonjwa fulani kwenye ile picha. Alisimama pale hadi mtu akamwomba apishe. Hakumwambia yeyote, hata shemeji yake, mume wa marehemu. Tangu hapo hakupitisha mashine kabla hajakwenda kukaa katika chumba itakamowekwa.

Mwaka huu hospitali ile iliagiza mashine mpya. Meneja alimwekea karatasi mezani bila kujua lolote. Angeweza kusema anaumwa. Alikunja karatasi, akaitia mkobani, akaenda.

Mtaalamu wa eksirei aliyemkuta alikuwa mama wa makamo mwenye maneno mengi. Mashine ya zamani ilikuwa bado mezani, imebandikwa kipande cha katoni juu kama ukingo wa kofia.

"Karibu, dada. Humu ndani asubuhi najiona mwenyewe kuliko ninavyowaona wagonjwa," alisema huku akicheka. "Ngoja ifike saa nne, utaona maajabu."

Saa nne jua liliupiga ukuta mweupe wa jengo la pili, likarudi dirishani na kumwagika juu ya skrini. Macho Manne alikuwa ameshaweka mashine mpya kando ya ile ya zamani. Kioo chake kilikuwa kikavu kisichong'aa. Mwanga ulipokifikia ulitawanyika kama ukungu mwepesi, usitengeneze sura ya kitu chochote. Kazi ya siku hiyo ilikuwa imekwisha. Lakini hakuinuka.

"Picha za miaka minane nyuma mnazo?"

"Zipo. Unamtafuta nani?"

"Mdogo wangu. Wa tumbo moja."

Yule mama aliacha kucheka. Alikwenda kuufunga mlango, kisha akaliandika jina alilotajiwa, bila kuuliza zaidi.

Kwanza aliifungua picha kwenye mashine ya zamani. Palikuwa na nondo nne za dirisha, na katikati shati jeupe la Macho Manne, limelifunika pafu la kulia lote. Kisha akaifungua kwenye mashine mpya. Chini kidogo ya mfupa wa bega, upande wa kulia, palikuwa na doa la kijivu, dogo kama punje ya harage.

"Ziba dirisha kwa shuka," alisema Macho Manne.

Dirisha lilipozibwa, doa lilijitokeza hata kwenye kioo cha zamani. Basi mashine haikuwa mbovu. Ni mwanga tu, na mahali ilipowekwa, na saa ambayo mdogo wake alifika.

"Si mimi niliyeisoma," yule mama alisema taratibu. "Aliyekuwepo alishahama. Na doa kama hili, dada yangu, huenda angeliona, huenda lingempita hata gizani. Hilo hatutalijua."

Macho Manne alitikisa kichwa. Neno hilo, hatutalijua, ndilo aliloondoka nalo.

Jumamosi mchana alikwenda karakana kwa shemeji yake, aliyekuwa seremala. Alimkuta akipiga randa ubao, akamweleza yote bila kujitetea: kioo, stoo, sahihi, dirisha, doa. Randa ilisimama katikati ya ubao. Shemeji yake hakuinua uso.

"Siku ile alirudi akiimba," alisema hatimaye. "Walimwambia, kikohozi kisipokwisha baada ya miezi mitatu, arudi apigwe picha nyingine. Hakikwisha. Akataka kurudi. Mimi ndiye niliyemwambia aache wasiwasi, picha si ilitoka safi?"

"Shemeji..."

"Sijawahi kulitamka hili. Hata watoto hawajui." Alipangusa vumbi la mbao kwa kiganja, akarudia kupangusa palepale palipokwisha kuwa safi. "Ukitaka nikusamehe, leo sina. Lakini hiyo picha, ipo?"

"Ipo."

"Nataka kuiona."

Jumatatu walikwenda pamoja. Mashine mpya ilikuwa imeshafungwa, imegeuzwa ubavu kwa dirisha. Mtaalamu aliwapa viti, akaifungua picha, akajifanya anapanga makaratasi kwenye kona. Shemeji mtu hakuuliza doa liko wapi. Aliyatazama mabega, mifupa ya shingo iliyoinama kidogo upande mmoja, mbavu moja baada ya nyingine, kama mtu anayepita mbele ya nyumba alizowahi kuishi.

"Hapa alikuwa ameshusha pumzi?" aliuliza.

"Hapana," alijibu yule mama kutoka kwenye kona. "Tunawaambia wavute pumzi, waibane."

Shemeji aliendelea kutazama. Macho Manne naye alitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakujua afanye nini na mikono yake.

"Hizi picha mnaziweka mpaka lini?"

"Miaka kumi, baba. Baada ya hapo zinafutwa."

Shemeji alikunja vidole kimoja kimoja, akahesabu.

"Bado miwili," alisema. Kisha akauliza ni siku gani ya wiki chumba kile huwa hakina watu wengi.