Fomu Tatu za Mama Mkubwa

Mwaka ule watu wa Mutsamudu, kisiwa cha jirani, walipotangaza kwamba hawamo tena nasi katika nchi moja, mimi nilikuwa karani wa utafiti mjini Moroni. Kazi yangu ilikuwa kusafisha fomu, yaani kutafuta mahali ambapo watu wa kawaida wamewajibu wasomi ovyo. Wasomi wenyewe walikuwa watatu, chumba kimoja, feni moja: daktari aliyepima watu presha, bwana wa mambo ya jamii aliyehesabu ndoa na kaya, na mwanahistoria aliyewinda hati kuukuu ndani ya makasha ya watu. Kila mmoja aliamini kwamba wale wawili wengine wanacheza.

Nyumbani hakukuwa na mchezo. Dada yake mama, mama yangu mkubwa, alikuwa Mutsamudu, katika vichochoro vya mji wa mawe, na presha yake ya siku nyingi. Meli zilisimama, simu zikakatika, kisha tukasikia kwamba huko risasi zimelia. Kila nikitoka kazini mama aliniuliza, "Hao wasomi wako wanajua kila kitu, hawajui kama dada yangu yu hai?"

Hatimaye daktari, kwa kuwa ni mgeni na wageni hupata njia, alikwenda kwa ndege ndogo akarudi na mfuko wa fomu za wote watatu, zilizojazwa na wahoji wao wa huko wiki ile ile. Majina hayakuwamo. Ilikuwa siri ya utafiti. Kila mtu alikuwa nambari.

Bwana wa mambo ya jamii akanitupia fomu tatu mezani. "Huyu nambari hamsini na tatu ametudanganya. Msahihishe."

Nikasoma. Kwa daktari: presha juu, chumvi hajaacha na hana nia ya kuacha, hajawahi kuzaa. Kwa bwana: mkuu wa kaya ni yeye mwenyewe, nyumba aliachiwa na mama yake, mume huja kulala, mtoto mmoja, binti. Kwa mwanahistoria: hati za babu haonyeshi mtu, zinamngoja binti yake aliyeko Moroni, "ingawa ni mkaidi, anakataa kila mchumba, na wali wake huungua chini." Aliyemhoji, maskini, aliandika yote kwa mwandiko mzuri.

Masikio yalinichoma. Bahari nzima katikati yetu, serikali mbili, na bado alikuwa amepata wa kumsimulia wali wangu.

"Mfute huyo mtoto," alisema bwana. "Daktari anasema hakuzaa."

"Hakuna kosa, bwana. Mtoto ni mimi."

"Amekuzaa yeye?"

"Hapana. Amenizaa mdogo wake."

"Basi si mtoto wake."

Bwana huyu alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya ukoo wa upande wa mama visiwani kwetu. Nikamheshimu, nikamrudishia fomu zake. Akaweka alama ya kuuliza kwa penseli, akaenda kunywa kahawa.

Siri ya utafiti niliivunja kabla ya adhuhuri. Nilimkuta mama jikoni, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nikamweleza presha, akaguna. Nikamweleza hati, na bwana aliyetaka kumfuta mtoto kwa neno la daktari. Nilipofika kwenye wali aliacha kukuna.

"Sema tena."

"Huungua chini."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Ndiye! Nani mwingine? Yu hai, na anakusema kwa wageni!" Alinifanya nirudie mara tatu, na kila mara alicheka upya, nami nikaanza kuona yamezidi.

Halafu akauliza, "Na huyo daktari alimuuliza kama amezaa?"

"Anawauliza wote, mama."

"Naye akajibu mwenyewe?"

"Alijibu hajazaa."

Mama akafuta macho kwa ncha ya leso. Sasa hakuwa akicheka.

"Maisha yote, mtu akimuuliza hilo, mimi ndiye ninayemjibia," alisema. "Ninasema, anaye, yule pale. Leo ameulizwa na mimi sikuwapo."

Nikaketi sakafuni karibu naye. Nazi ilibaki nusu.