Saa ya msikiti ililia jua lingalipo: kilichotokea kati ya saa.c na saa

Assalaam alaykum wakuu, na wasio Waislamu hamjambo.

Haya yametokea hapa kwetu Kibokoni, Ramadhani iliyopita. Sijaongeza chumvi. Jina la katibu tu nimelibadilisha, maana bado tunaamkiana kila asubuhi.

Mimi ni mwanamke wa code. Mjomba wangu ndiye muadhini wa msikiti unaotazamana na nyumba yetu. Saa yao ya ukutani ilipokufa, nilijitolea kutengeneza nyingine: kompyuta ndogo, namba nyekundu za taa, kengele ya kila swala, na programu ya C inayokokotoa nyakati za swala.

Source code, yaani maandishi niliyoyaandika mimi, niliiita saa.c. Programu yenyewe, ile inayowashwa, niliiita saa. Hayo ni mafaili mawili. Shikeni hapo.

Mkesha wa mfungo, mjomba akagundua kwamba magharibi ya saa yangu inatangulia ile ya ratiba ya karatasi kwa dakika chache. Namba ya pembe ya jua ilikuwa na kasoro. Mimi nilikuwa kazini Makupa, kwa hiyo katibu, Ami Salim, akasema atairekebisha yeye. Nikamwelekeza kwa simu: fungua saa.c, badilisha namba ile pale juu, save, halafu...

"N'shaeka namba mpya, n'shasevu," akanikatiza. "Kwani wataka nifanye nini tena?"

"Bado kukompaili, Ami."

"Haya, haya." Akakata simu. Nami nikaamini amefanya.

Hapa nipumzike kidogo, wale wageni wa C wasiachwe.

Kompyuta haisomi saa.c hata siku moja. Kwanza preprocessor inapita: inafuta maelezo yetu, inaleta header files (orodha za kazi tunazoazima kwenye maktaba), na popote nilipoandika PEMBE_YA_JUA inaweka namba. Kisha compiler inageuza maandishi kuwa assembly, maagizo mafupi mafupi ya mashine, na assembler inageuza hiyo kuwa object file, lugha ya mashine tupu. Mwisho linker inaunganisha object file na maktaba, kwa mfano ile ya hesabu yenye sin na cos. Hapo ndipo unapata executable, yaani ile saa inayowashwa.

Amri ya gcc hufanya yote hayo kwa mkupuo, ndiyo maana watu wengi hawajui kama kuna hatua. Lakini usipoipiga, executable ya zamani inabaki na namba ya zamani. Hata ukiifuta saa.c yote, yenyewe inaendelea tu.

Basi siku ya kwanza ya mfungo, niko jikoni nakaanga viazi karai, simu ikalia. Mjomba.

"Mwanangu, saa yako yalia, na jua naliona kwa macho yangu. Kipaza sauti n'nacho mkononi. Niadhini, nisiadhini?"

Wakuu, nilizima jiko. Mtaa mzima ulikuwa umekaa mbele ya tende ukingoja sauti ya mtu mmoja.

"Usiadhini, Mjomba! Fuata karatasi!"

Akangoja. Dakika zile zilikuwa ndefu, na nilimpenda mjomba wangu kuliko siku zote. Kisha adhana ikasikika, kwa wakati wake.

Baada ya swala nikaenda na laptop. Tarehe ya saa.c ilikuwa ya jana. Ya saa ilikuwa ya mwezi uliopita. Nikapiga gcc kwa pupa, linker ikagoma: haijui sin. Nilisahau -lm mwishoni, ile inayoita maktaba ya hesabu. Nikarudia, ikakubali, na namba nyekundu zikabadilika.

Natoka, namkuta Ami Salim barazani peke yake, kokwa ya tende kiganjani.

"Ami, ulifungua swaumu kwa adhana ya mjomba?"

"Nlifungulia saa," akasema. "Si nimeitengeneza mwenyewe?"

Kwa kuwa alifuturu jua halijazama, siku ile aliilipa kwa kufunga nyingine baada ya Idi. Jioni yake nilimfundisha gcc, akafuturu mkono mmoja ukiwa kwenye keyboard.

Somo: kusave si kukompaili. Ukibadilisha source, jenga upya, kisha angalia tarehe ya executable kabla hujamwambia mtu kazi imekwisha.

Haya, nani mwingine amewahi kuhariri faili kisha akashangaa programu haibadiliki? Semeni hapa chini, Ami Salim anausoma uzi huu na asijione yuko peke yake.