Sungura Wangu na Chupa ya Kivuva

Sungura wangu walianza kutetemeka wiki moja baada ya mimi kuwaibia dawa.

Aki ya nani, hii sijawahi kuambia mtu.

Ilikuwa 2006. Nilikuwa kibarua kwa maabara moja ya mifugo, ukipita Dagoretti, mimi na jamaa anaitwa Kivuva. Kazi ya kuandikwa kabisa ilikuwa moja tu.

Daktari Mbuthia, mkubwa wetu, alitaka kujua kama vitamini C na E zinaweza kukinga mnyama na sumu ya madini ya risasi, ile ng'ombe wa mtaani hupata wakilamba betri za gari zimetupwa. Sungura wote walikunywa maji yenye risasi kidogo. Halafu kila asubuhi mimi natilia wangu matone ya chupa A mdomoni, Kivuva anatilia wake ya B.

Moja ilikuwa na vitamini, ingine mafuta matupu. Gani ni gani? Daktari aliandika akafunga kwa bahasha.

Manze, sungura wa Kivuva walikuwa wanono! Wangu walikuja wamekonda.

"Kivuva, hawa unawalisha nini?" daktari akacheka.

Na mimi nimesimama hapo. Wivu ulinishika.

"Shiru, mbona umenuna?" Kivuva akaniuliza.

"Niko poa."

Poa wapi! Nilijua tu amepewa vitamini. Wiki ya tatu, akienda kula, nikabandua karatasi za chupa. A nikaweka kwa B, B kwa A.

Wangu wakaanza kutetemeka. Wakakataa hata sukuma wiki. Wawili wakafa. Wa Kivuva wakazidi kung'aa.

Siku ya mwisho daktari akapasua bahasha.

"A ndio ilikuwa vitamini."

Ngai!

"Lakini wa Kivuva walikuwa wanono," nikasema.

"Walikuja wanono. Mimi naangalia nani anaongeza kilo." Akanigeuzia kitabu. "Wako waliongeza kila wiki, Shiru. Hadi ya tatu. Nani aligusa chupa?"

Nikalia nikasema ni mimi. Kivuva hata hakunitusi, akaokota tu vizimba vya wale wawili waliokufa akaenda kuviosha. Kazi akapata yeye.

Kilo za sungura wangu zilikuwa kwa hicho kitabu, kwa mwandiko wangu. Kila Ijumaa nilikuwa nawapima mwenyewe, macho yakiwa kwa mizani ya Kivuva.

Wewe unayechungulia ya mwenzako, soma yako kwanza.