Fundi aliyeshangilia umeme kukatika

Saa tatu kasorobo asubuhi, mteja hajamaliza kuvuka kizingiti, na Mama Chaji ameshamnyang'anya kompyuta yake mpakato. Anaiweka mezani, anachagua chaja inayoifaa kati ya chaja kumi na tisa zinazoning'inia ukutani, anaichomeka. Taa ndogo inawaka. Hapo ndipo anapoinua uso na kutabasamu.

"Karibu. Sasa tuamkiane."

Wanaamkiana, wanaulizana habari za nyumbani. Mteja anavuta kiti, anaanza kueleza kwamba mashine inamsumbua kuanzia juzi. Hajafika mbali, Mama Chaji ananyoosha mkono na kuichomoa chaja aliyoichomeka sasa hivi.

"Mbona unachomoa tena?" mteja anashangaa.

"Wewe endelea kueleza. Nataka kuiona ikiwa na njaa."

Kando ya dirisha, mwanamume mwenye kioo cha fundi jichoni anacheka peke yake. Huyo ni kaka yake mkubwa, fundi saa, na ndiye anayejua hako kamtindo ka kuchomeka na kuchomoa kalianzia wapi.

Chumba ni kimoja, mafundi wawili. Kaka mtu amechukua upande wenye mwanga. Upande wa ndani ni himaya ya dada: meza ndefu, bisibisi zilizojaa kwenye kopo la maziwa ya unga, soketi kumi na nne, na mashine zilizokatiwa tamaa na wenyewe.

"Vyake bila umeme ni mizigo," anasema kaka. "Vyangu unavitia ufunguo, vinakwenda."

"Vinakwenda wapi? Hiyo saa yako ya ukutani ina mwezi mzima iko saa sita," anajibu dada bila kugeuka.

Ndiyo kutwa yao.

Jina la Mama Chaji alilipata kabla hajawa fundi. Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa akichaji simu za majirani mlangoni hapohapo, hadi siku ofisi moja ilipotaka kutupa kompyuta nane kuukuu naye akaomba aachiwe. Hakuna hata moja iliyowaka vizuri. Mtu akamdokeza habari za Linux, mfumo wa bure unaoweza kuendesha hata mashine iliyochoka. Akausoma kwenye simu, usiku kwa mchana.

"Sikuwa najua amri hata moja," anakumbuka. "Mashine mbili za kwanza niliziua kabisa. Ya tatu ilipowaka, nilimkumbatia huyu kaka yangu na vioo vyake vyote."

"Alinivunjia kioo kimoja," anasema kaka.

Mashine zikawaka, ila betri zilikuwa za kizee na umeme wa mtaani unakuja unapotaka. Mama Chaji akajifunza kuandika skripti, yaani faili lenye amri ambazo kompyuta inazitekeleza yenyewe. Yake ilikuwa na mistari arobaini na moja. Ukichomoa chaja tu, inaamka na kuanza kubana matumizi: inapunguza mwanga wa kioo, inapunguza mwendo, na kila kifaa kilichounganishwa kwa waya ambacho hakitumiki, inakilaza.

Matokeo yalimtia wazimu wa furaha. Mashine iliyokuwa ikila wati kumi na nne ikashuka hadi wati sita. Betri iliyokuwa ikikaa saa moja na dakika ishirini ikavuka saa tatu. Akaiweka skripti hiyo kwenye mashine sitini na tatu, zote ameziandika kwenye daftari lenye jalada jekundu.

Mashine ya tisa katika daftari hilo ni ya mfasiri.

Mfasiri haoni tangu utotoni. Anasoma kwa kibao cha nukta nundu, kifaa chenye urefu wa rula kinachounganishwa na kompyuta kwa waya. Vijipini vyake vinainuka na kushuka, na kila mstari ulio kwenye kioo anausoma kwa ncha za vidole. Kwa miaka sita ameishi kwa vibarua vya kutafsiri, leo vipo, kesho havipo. Mwaka huu ofisi moja ya vitabu ikamwita kwenye mtihani wa ajira ya kudumu. Ijumaa, saa nne asubuhi, saa tatu mfululizo, kila mtu na mashine yake, na mezani hakuna soketi.

Sasa, tangu apate kibao hicho cha waya wiki tatu nyuma, badala ya cha zamani kisicho na waya, mashine yake ikawa na ugonjwa. Kibao kilikuwa kinalala katikati ya kazi. Vijipini vinalala chali, mstari unapotea, naye anabaki anapapasa plastiki tupu.

Mara mbili alikuja nacho dukani. Mara mbili Mama Chaji alichomeka chaja kama kawaida yake, akamkalisha, akamsomesha kurasa mbili tatu. Kibao kikafanya kazi kama kipya.

"Mbona kizima, dada yangu?"

Mfasiri akarudi nyumbani. Kikalala.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatano, zimebaki siku mbili. Safari hii hakuja na utani.

"Mama Chaji, usinione mwongo."

"Nani kasema wewe mwongo?"

"Hujasema. Lakini juzi ulinibadilishia waya kwa ule upole wa kumtuliza mtoto kwa pipi."

Mama Chaji anapolisimulia hilo anaficha uso kwa kiganja. "Lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Moyoni nilishasema huyu dada anaugusa waya vibaya, basi. Eti mimi fundi! Mtu anaijua mashine yake kwa vidole kumi, nami namwona mshamba wa waya."

Na wakati wanasemezana hayo, mkono wake ulikuwa umeshachomeka chaja.

Mfasiri akasoma. Mistari kumi, ishirini, ukurasa mzima. Vijipini vimesimama imara. Kila kitu shwari, na hiyo shwari ndiyo iliyomvunja moyo. Akaondoa mikono yake, akaiweka mapajani.

"Nisaidie kitu kimoja," akasema taratibu. "Ipigie simu ile ofisi, waambie siji. Bora nisiende kuliko kukaa pale mbele ya watu napapasa kibao kilichokufa."

Kaka mtu alijifanya anatafuta skrubu ambayo haikupotea.

Na hapo umeme ukakatika.

Feni ikasimama. Mtaa mzima ukaguna. Ng'ambo ya barabara kinyozi alibaki na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, na yule mteja akaanza kulalamika kwa sauti. Mfasiri, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alirudisha vidole kwenye kibao, akakuta sentensi ngumu, akatulia kuitafakari.

"Hiki hapa!" akapaza sauti. "Kimelala! Kimelala sasa hivi!"

Mama Chaji akaruka kutoka kitini. Akagusa vijipini kwa kidole chake mwenyewe. Bapa. Kompyuta yenyewe inawaka, betri ina asilimia tisini na tatu, na kibao kimezimika kama hakijawahi kuwaka.

"Kiamshe. Sasa usiguse kitu."

Fundi saa alikuwa ameshaweka vifaa chini. Kuhesabu ndiyo kazi yake. "Moja," akasema. "Mbili." Bapa.

"Tena!"

"Moja. Mbili." Bapa.

"Sekunde mbili kamili," akasema kaka. "Sina saa hata moja humu inayokwenda sawa hivyo."

Mama Chaji akapiga ukelele. Si wa woga, wa furaha. Kinyozi akaja mbio na mashine yake ya kunyolea mkononi, akidhani kuna moto.

"Kuna nini?"

"Umeme umekatika!"

"Si tunajua umekatika!"

"Basi shangilia, baba! Shangilia!"

Kinyozi akamtazama kaka mtu. Kaka mtu akamwambia aende tu, dada yuko salama.

Mambo yalikuwa wazi kama mchana. Kubana umeme kunaanza mashine ikiwa haina chaja. Na dukani kwa Mama Chaji hakuna mashine iliyowahi kukaa bila chaja. "Wiki tatu nilikuwa naufukuza ugonjwa kwa mkono wangu, kabla mgonjwa hajafungua mdomo," anasema. "Ukarimu gani huo, jamani?"

Mfasiri akaanza kuunganisha mambo. "Ndiyo maana," akasema. "Nikisoma haraka hakilali. Nikisimama kufikiri, kinalala. Kumbe kinaniona mvivu!"

Wakacheka wote watatu, kicheko cha watu waliokuwa karibu kulia.

Dawa rahisi ilikuwa kuifuta programu ya kubana umeme. Mfasiri akauliza betri itakaa muda gani bila hiyo.

"Saa moja na dakika ishirini."

"Mtihani ni saa tatu."

"Najua. Kwa hiyo hatuifuti. Tunaifundisha adabu."

Kila kifaa kinachochomekwa kwa waya kina namba yake ya utambulisho. Mwaka jana Mama Chaji alianza kuwawekea wateja programu mpya ya kubana umeme badala ya skripti yake, na hiyo ina mahali pa kuandika namba ya kifaa kisichoruhusiwa kulazwa. Akaiandika namba ya kibao. Kaka akahesabu. Moja, mbili, tatu. Saba. Kumi. Kibao macho! Wakapigana viganja.

Umeme ukarudi. Mashine ikaanza kuchaji. Mama Chaji, aliyekuwa ameshapata akili, akaichomoa ili awe na uhakika.

"Moja," akasema kaka. "Mbili."

Bapa.

"Ala!" Mama Chaji akabaki ameshika chaja. "Nimekukataza, wewe! Nani kakulaza?"

Akatafuta kila faili linaloamka chaja inapochomolewa. Alitegemea kukuta moja, ile programu mpya. Akakuta mafaili mawili. La pili lilikuwa na umri wa miaka mitatu, mistari arobaini na moja, na juu kabisa limeandikwa: *Imekamilika. Usiguse.* Mwandiko wa kuchapa hauna sura, lakini huo aliutambua.

"Skripti yangu! Niliweka mpya nikasahau kuitoa ya zamani. Kila ukichomoa zinaamka zote mbili. Mpya inasema kibao kisilale, halafu ya zamani inapita nyuma yake na kukilaza. Namsaka mchawi wiki tatu, kumbe mchawi mimi!"

Akaitoa. Akachomoa chaja. Kaka akahesabu hadi sitini, akachoka, akaenda kuchemsha chai. Aliporudi na vikombe vitatu, mfasiri alikuwa bado ameweka vidole kwenye mstari uleule, anacheka kimyakimya.

"Bado nafikiri," akasema. "Na bado kipo."

Walichomeka na kuchomoa mara kumi na moja. Alhamisi wakaiacha mashine ifanye kazi bila chaja. Ilikaa saa tatu na dakika ishirini na tano.

Ijumaa, Mama Chaji alifunga upande wake wa duka, jambo ambalo kaka hakumbuki kuliona, akaenda kukaa kwenye benchi nje ya ile ofisi. Saa tatu hizo anasema zilikuwa ndefu kuliko uchungu wa mzaliwa wake wa kwanza. Saa saba mchana mfasiri akatoka, fimbo mbele, mkoba begani.

"Betri imebaki ngapi?" Mama Chaji aliuliza kabla hata ya salamu.

"Kumi na moja."

"Na kibao?"

"Kulikuwa na sentensi moja mbaya sana," akasema. "Nimekaa nayo labda dakika nne. Vidole juu yake, natafuta neno. Kikanisubiri."

Mama Chaji anasema hapo ndipo alipolia, palepale barabarani, bila haya.

Tangu siku hiyo amewapigia simu wateja wote wa daftari jekundu, mmoja baada ya mwingine, awatolee skripti ya zamani. Wamekuja hamsini na wawili. Kuchomeka kwanza hajaacha, hawezi. Ila siku hizi anachomoa mteja anapoanza kueleza.

Leo, mteja wa asubuhi akiwa bado kitini, fimbo inagonga kizingiti. Ni mfasiri, ana bahasha mkononi. Ameipokea jana, lakini ni karatasi, na karatasi haina vijipini. Angeweza kumpa yeyote amsomee. Amengoja hadi leo amletee Mama Chaji.

Mama Chaji anafuta mikono kwenye gauni. Anafungua. Anasoma mstari wa kwanza kwa sauti, wa pili kwa haraka, wa tatu haumalizi. Anapiga ukelele uleule.

Kinyozi anachungulia mlangoni, mashine mkononi. "Umekatika tena?"

"Kapata kazi!" fundi saa anamjibu, kioo kimemdondoka jichoni. "Anaanza tarehe mosi!"

Zikishatulia kelele, Mama Chaji anamshika mfasiri mkono na kumwambia alichokuwa akikipanga tangu siku ya benchi. Anataka kila Jumamosi meza hii ndefu iwe darasa la wasioona, wajifunze kuzitibu mashine zao wenyewe bila kungoja kuaminiwa na fundi. Na skripti zake zote, kabla hazijaingia kwenye mashine ya mtu, zipite kwanza chini ya vidole vya mfasiri.

"Mimi nasoma polepole," mfasiri anamwonya.

"Soma utakavyo, dada yangu," anasema Mama Chaji, akivuta kiti cha pili mezani. "Hakilali."