Baba Ndani ya Redio

Kwa miaka saba nilipiga picha za watu wa Ifakara: maharusi, watoto wa komunio ya kwanza, wazee wa Lumemo waliokuja kupiga pasipoti wakiazimana koti moja. Baba yangu mzazi sikuwahi kumpiga. Alikataa. Alisema mpiga picha ni mtu anayechukua sura yako, akaipeleka Dar es Salaam kwa treni, na baada ya mwezi anakuletea mtu mwingine aliyekatwa utosi. Aliyasema hayo mbele ya wateja wangu. Nilicheka nao huku moyoni nimenuna, maana utosi wa mwenyekiti wa kijiji chetu cha Mofu ni kweli niliukata.

Mwishoni mwa miaka ya tisini akaja mgeni, mtafiti wa samaki wa mtoni, akatafuta mtu wa kumpigia picha za samaki wake. Alinikabidhi kamera isiyotumia filamu. Ubavuni ilikuwa na mlango wa kuingizia disketi, kile kibamba cha plastiki cha kompyuta, na picha zilikaa humo. Mgongoni ilikuwa na kioo kidogo: ukibonyeza, picha hiyo hapo.

Nilijiona fundi, lakini wiki ya kwanza ilinitoa jeuri yote. Filamu ilinifundisha ubahili: picha thelathini na sita, kila moja unaiwazia kabla ya kubonyeza, kisha unamwachia Mungu. Sasa makosa yangu nikayaona palepale. Kwenye picha samaki aliungua na jua hadi magamba yakapotea. Nikajifunza kumsogeza kivulini, kusubiri wingu lipite, kufuta na kurudia. Kufuta ndiko kulikonikolea zaidi. Kwa kweli nilikuwa na aibu, miaka saba nikijiita mpiga picha na mwanga sijawahi kuuangalia.

Siku ya mwisho mgeni aliniruhusu kwenda na kamera nyumbani. Baba alikuwa barazani akilinda mpunga ulioanikwa kwenye mkeka. Mwaka ule alikuwa amekonda na kikohozi hakikumwacha, jambo ambalo sikutaka kulifikiria. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba picha hii haipandi treni, atajiona sasa hivi. Akaguna, akakaa.

Ya kwanza alifumba macho. Nikafuta. Ya pili alikakamaa kama anayesubiri sindano. Nikafuta. Kabla ya ya tatu, kuku walivamia mpunga, akageuka kuwafukuza, na aliponirudia uso ulikuwa bado na hasira na kicheko kwa pamoja, na mwanga wa mpunga ukimmulika kutoka chini. Nikabonyeza.

Nilimpelekea kioo. Aliisogeza kamera karibu na macho.

“Huyu ni marehemu baba,” akasema. “Umempata wapi?”

Babu alikufa kabla sijazaliwa, hana picha hata moja. Mama alikuja kuangalia, naye akakubali kwamba ni babu mtupu.

Mgeni alinipa ile disketi kwa moyo mweupe. Hakubaki na nakala, maana disketi ndiyo ilikuwa filamu yenyewe. Kuichapa picha kwenye karatasi ilibidi niende Dar, nikapanga kwenda baada ya mavuno. Mama akaihifadhi mahali tunapohifadhi kila kitu cha maana: ndani ya redio yetu kubwa, nyuma ya kifuniko, pamoja na kadi za ubatizo na risiti ya baiskeli. Aliiegemeza kwenye spika isidondoke. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika kifuniko akikaza skrubu.

Tangu hapo baba alipowasha redio jioni aliwaambia wageni kwamba humo ndani yumo yeye na baba yake. Mavuno yakapita, ikaja hiki, ikaja kile, nami sikwenda Dar. Masika yalipoanza, baba akafariki.

Ndugu walitaka picha yake iwekwe mezani siku ya arobaini. Nikapanda treni na disketi mfukoni. Dada mmoja katika duka la kompyuta aliiingiza kwenye mashine, akaitoa, akaiingiza tena. Akaniambia haina kitu. Nilimwomba ajaribu mashine ya pili, akajaribu bila kulalamika.

“Ilikaa wapi, kaka?”

“Ndani ya redio. Nyuma ya spika.”

Aliniambia taratibu, kama anayetoa habari ya msiba, kwamba spika ina sumaku, na sumaku hufuta disketi. Ningemlaumu nani? Mara mbili nilimfuta baba kwa kidole changu, kwa sababu hakupendeza. Mara ya tatu nilimfuta kwa kumtunza.

Arobaini ilipita na mshumaa mezani bila picha. Mama hakuniuliza hadi wageni walipoondoka. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia ukweli, naapa nilikuwa nimejiandaa, lakini nilipomtazama nikasema mashine za Dar zilikuwa mbovu.

“Basi irudishe mahali pake, mwanangu,” akasema, “isije ikaharibika.”

Nikatafuta bisibisi, nikafungua kifuniko cha redio, nikaiegemeza disketi kwenye spika. Mama alinishikia skrubu.