Blanketi la Viraka na Paka wa Kasumulu

Jamani, mkasa huu nilikuwa nimeapa nitakufa nao, lakini kwa kuwa watu wameshausimulia kuanzia Talatala mpaka ng'ambo ya mto Songwe, na kila anayeusimulia anaongeza chumvi yake, nimeona bora niueleze mwenyewe, mimi mwenye aibu yangu, angalau chumvi iwe ya kiasi.

Mimi ni Mama Lusajo. Mwanangu Lusajo alipata mchumba, Atupele, binti wa Kasumulu, na mama yake Atupele si mtu wa mchezo: anauza vitenge pale mpakani tangu ujana wake, ukimpa kitambaa anakisugua kidogo kwa vidole anakwambia hiki kitapauka, hiki hakipauki. Sasa wewe mama wa bwana harusi, siku ya sherehe ya kumuaga binti, unampelekea nini mtu kama huyo? Kitenge? Si sawa na kupeleka mchele Kyela? Wanawake wa ukoo wetu wakasema tumpe beseni na vyombo, yaishe. Mimi nikadakia (kimbelembele changu mnakijua), "Hilo niachieni, nitamshonea blanketi la viraka ambalo tangu azaliwe hajaliona."

Najua mtauliza, kwa joto lile la Kyela blanketi la nini? Na mimi nawauliza, mbona harusini mnavaa suti? Zawadi ni heshima, mambo ya joto tuyaache.

Basi nikazunguka kwa mafundi wa sokoni nikiomba mabaki ya vitenge, nikakata miraba na pembetatu kama nilivyoona kwenye simu, nikakaa sebuleni na cherehani yangu ya miguu, mvua inapiga bati, mimi nasukuma pedeli, najiimbia. Kwa kampuni nilikuwa na paka wangu, Mkaguzi na Chausiku, ila kusema kampuni ni kuwasifia, maana kazi yao ilikuwa kulala karibu na jiko wakisubiri kinachoanguka. Upande wa juu ukakamilika, ukapendeza hadi nikawa naamka asubuhi nauangalia kwanza kabla ya kusali. Chini niliweka shuka jeupe zuri. Tatizo likawa katikati, maana blanketi la viraka bila kitu kizito katikati ni khanga tu yenye majivuno. Sherehe ni Jumamosi, na mimi siku zote nimezimalizia kwenye urembo wa juu.

Ndipo nilipoingia stoo kuchukua mkaa, nikaliona limetundikwa msumarini, blanketi la kijivu, zito, la mume wangu.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu Baba Lusajo. Mume wangu anafuata usipa, vile visamaki vyetu vya dagaa, ziwani kwa wavuvi, anauleta mjini kuuza, na blanketi lile ndilo alilokuwa akifunikia magunia njiani. Nikajiambia, si litakaa ndani, nani ataliona? Nikalifua kwa sabuni ya unga, nikalisuuza kwa ndimu, nikalifua tena, nikalianika kwenye jua kali mpaka likawa kavu kama kuni, nikalinusa pembe zote. Halinuki kitu isipokuwa sabuni. Nikalishonea ndani, nikalipulizia na manukato yangu ya kanisani.

Jioni yake Baba Lusajo akatoka stoo ameshika kiuno. "Mama Lusajo, blanketi langu la kufunikia usipa umeliona?"

"Blanketi gani tena, Baba Lusajo?" nikamjibu, nalo liko mapajani kwangu nalipiga pindo la mwisho.

Akatafuta mpaka banda la kuku. Akamlaumu jirani. Mimi sindano inaenda tu.

Na kuanzia siku ile wale paka walibadilika, mwenzenu! Waliacha jiko. Nikishona, Mkaguzi amelala juu ya pindo, Chausiku anajisugua, anakanyagakanyaga kwa vidole, analamba pembe huku anakoroma kwa raha. Nikifunga mlango wa chumba wanalia mlangoni. Mimi moyo ukanijaa, nikasema tazama viumbe hawa, kumbe wananipenda, kumbe wanajua mama yao anamaliza kazi kubwa. Nikawapiga picha juu ya blanketi nikatuma kwenye grupu la familia, nikaandika, "Hata paka wanajua kitu kizuri." (Picha hiyo bado ipo. Wifi yangu huirudisha kwenye grupu kila ninapojifanya mjuaji.)

Jumamosi tukapanda pikapu ya kukodi, ukoo mzima na magunia ya mchele na mikungu ya ndizi, vigelegele tangu nyumbani. Nyinyi mnaijua mvua ya kwetu, haipigi hodi. Tulipofika karibu na Kasumulu ikamwagika, turubai la pikapu likavuja, na mfuko niliofungia zawadi ukaingia maji. Nikaipapasa zawadi, imelowa kidogo tu, kwa juu hata huoni. Nikamshukuru Mungu.

Kwa kina Atupele tulipokewa vizuri mno. "Karibuni! Mugonile!" mikono inapeanwa, tunakaa chini ya turubai la sherehe, mimi mbele kabisa na gauni langu la kushona. Joto likarudi, jua likachoma juu ya ule unyevu, na zawadi iko miguuni kwangu. Nikasikia kitu kinanigusa kisigino, kutazama, paka wa pale nyumbani, mweupe. Nikamsukuma taratibu kwa kiatu. Akaja mwingine, wa rangi ya maziwa na chai. Nikacheka kwa mashavu tu, nikamnong'oneza wifi, "Paka wa huku wamezoea watu, eeh?" Wifi akanusa kushoto, akanusa kulia, akasema, "Chakula nadhani ni samaki."

Mshereheshaji akaniita. Nikasimama na blanketi mikononi, wanawake wetu nyuma wakicheza, nikalikunjua mbele ya watu wote, na jamani, watu waliguna kwa kulistaajabia, siwadanganyi! Nikamzungushia Mama Atupele mabegani. Akashika ukingo, akausugua kwa vidole vyake vile, uso ukaanza kufunguka, akasema, "Mkwe mwenzangu, mshono huu..."

Hakumaliza. Yule mweupe aliruka akaning'inia kwa nyuma. Yule wa chai akaja kwa mbele. Halafu wakatoka wengine chini ya meza za vyakula, nyuma ya majiko, juu ya ukuta wa jirani, sijui walikuwa wangapi, mimi niliona mikia tu. Mama Atupele, mtu mzima mwenye heshima zake, amesimama na paka kila upande kama mnazi wenye nazi, na mshereheshaji naye, badala ya kukaa kimya, anatangaza kwenye maiki, "Ndugu wageni, naona upande wa paka nao wamekuja kumuaga bibi harusi!"

Nikamvuta mweupe. Mweupe akavuta blanketi. Mimi nikavuta kwa nguvu zaidi, na mshono niliousifia wiki nzima ukafunguka mbweee kuanzia begani hadi chini, likachungulia lile la kijivu, na harufu ikatoka rasmi, maana hapo kabla ilikuwa inabisha hodi tu.

Ndipo kutoka viti vya wanaume nikasikia sauti ninayoifahamu kuliko zote duniani.

"Mama Lusajo! Si blanketi langu la usipa hilo?"

Ndugu zangu, nilitafuta shimo. Nilimtazama mwanangu Lusajo, amefunika uso kwa programu ya sherehe. Nilimtazama Atupele, mabega yanatikisika, na moyo ukanipasuka nikijua analia, nimemharibia siku mtoto wa watu, nimeivunja ndoa kwa usipa. Nikapiga goti pale pale mbele ya mama yake. "Mkwe wangu, nisamehe. Nilitaka kukupa kitu cha heshima, nikaishiwa cha kuweka katikati, nikachukua la mzee."

Mama Atupele akanitazama. Akamtoa paka begani kwa shingo, polepole, akamweka chini. Halafu midomo yake ikaanza kucheza, akajikaza, akashindwa, akacheka mpaka akashikilia nguzo ya turubai, na Atupele naye kumbe alikuwa hajalia hata kidogo, alikuwa anajibana asicheke kabla ya mama yake. Hapo watu wote wakapasuka.

"Inuka, mama, inuka," akaniambia akijifuta machozi. "Nilikuwa naogopa binti yangu anakwenda kwa watu wenye maringo. Ndaga fijo, asante sana. Viraka nabaki navyo, ila hili la ndani mrudishie mwenyewe."

Na kweli alilichomoa pale pale, akalikabidhi kwa Baba Lusajo kwa mikono miwili kama mahari, na mume wangu (asiye na aibu) akalipokea akainama kushukuru, akapigiwa vigelegele kuliko mimi. Jina likanibaki, Kasumulu wananiita Mama Usipa, na fundi mmoja wa kule amewahi kunipigia simu akitaka nimshonee blanketi kama lile, "lakini lisiwe na kitoweo."

Mimi nimejifunza kitu kimoja. Mwanamke aliyekaa na muuza usipa miaka yote hiyo hana pua tena, na nyumba haijui harufu yake yenyewe. Kwa hiyo nimeweka nadhiri: chochote nitakachoshona, kabla hakijatoka mlangoni kwangu, nitamwita mgeni akinuse.

Tena mgeni wa mbali, asiyekula samaki.