Gari la Mama Lilivyokwenda Harusini

Naanza na ujinga wangu, maana hata nikiuficha, majirani zetu wa Ntinda, hapa Kampala, watautangaza. Mama alikwenda Nairobi kuchukua nguo za duka lake, akaliacha gari lake jeupe uani. Mimi, mwanafunzi wa kidato cha nne nisiye na leseni, nikaliwasha na kulirudisha nyuma huku nikijirekodi kwa simu. Ndiyo kwanza nasema, "Mwangalieni dereva," nguzo ya geti ikalipokea. Kona ya nyuma ikabonyea kama sufuria ya jikoni kwetu shuleni.

Mama alikuwa arudi Jumamosi jioni. Gari lile analipenda. Mimi ananivumilia tu. Mwenzangu darasani akanipa namba ya fundi wa Kisenyi anayenyoosha bodi na kupiga rangi. Fundi akaja mwenyewe Alhamisi jioni, akalizunguka gari mara moja, akacheka, akasema Jumamosi asubuhi hata mwenye gari hatajua paligongwa wapi. Nikampa funguo zote kama zilivyo. Sikumuuliza hata jina.

Jumamosi saa tatu nilikuwa Kisenyi. Gereji ipo, nyundo zinalia, milango ya magari ya watu imelala chini, ila gari la mama halipo. Nikamuuliza mzee aliyekuwa akipiga msasa boneti. Akasema limekwenda kukausha rangi. Nikauliza, kukausha wapi?

"Rubaga," akajibu bila kuinua kichwa. "Kuna harusi, walipungukiwa gari moja jeupe kwa msafara. Rangi inataka upepo, ssebo."

Akaniita ssebo, yaani bwana, kwa heshima zote. Mimi ni mtu wa kudanganya walimu, na nina sifa zangu kwenye kazi hiyo, lakini jibu lililotulia namna ile sijawahi kulifikia.

Nikapanda boda mpaka kanisani, juu ya kilima cha Rubaga. Nililiona mbali: utepe mbele, maua ya karatasi yamebandikwa kwa selotepu juu ya rangi mbichi. Kwenye usukani alikaa fundi wangu ndani ya suti. Nyuma walijaa masenga watatu, yaani mashangazi wa bibi harusi, mabega ya gomesi, magauni yao ya sherehe, yamesimama mpaka yanaziba madirisha.

Nikaanza kudai gari. Senga wa kwanza akaniuliza taratibu kama kwetu watu huwa hawasalimiani. Basi nikasalimia. Na salamu za masenga hazikatwi katikati: habari za nyumbani, za masomo, za mama. Hiyo ya mama niliijibu nikiitazama kona ya gari. Nikahamia kwa wa pili, tukaanza upya. Nilipomfikia wa tatu, magari ya mbele yalikuwa yameshaanza kuondoka.

"Tulia, kijana," fundi akaniambia kwa sauti ya chini, "usiharibu siku ya watu."

Gari la mama likateremka kilima likipiga honi, na mkono wa senga ukanipungia dirishani. Nikaganda barabarani kama mtu aliyeibiwa na maharusi.

Fundi alilileta nyumbani saa kumi na moja. Akabandua maua, na rangi ikabanduka nayo. Ile kona ikabaki na mabaka kama chapati iliyoungua. Akasema hiyo ni kazi ndogo, nilipeleke tena Jumatatu. Akaniwekea funguo mkononi, akapanda boda, akapotea. Nilikuwa bado natafuta kitambaa cha kuifunika kona wakati mama alipoingia getini na mabegi yake.

Nilieleza kila kitu, hata salamu. Nilingoja makofi. Mama hakupiga kelele, na gari lenyewe hakulitazama mara mbili. Alizichukua funguo mkononi mwangu, akazipitisha moja moja kwenye vidole, akaushika ule wa mlango wa mbele.

"Tangu Alhamisi," akasema, "mtu usiyejua hata jina lake ametembea na ufunguo wa nyumba yangu. Kuchonga mwingine ni dakika tano. Lete godoro lako. Utalala hapa mlangoni mpaka nibadilishe kitasa."